Njia ya Baiskeli Msituni: Inavyokaguliwa na Kusafishwa Wakati wa Baridi



Tangu muhula huu uanze, watoto wa darasa la wakubwa wameniuliza swali moja zaidi ya mara tatu. Wale watu wanaoonekana Jumamosi asubuhi wakiingia msituni kando ya mto Trinity, wamebeba misumeno, majembe na reki, ni wafanyakazi wa jiji? Hapana. Ni watu kama baba na mama zenu, wana kazi zao za wiki nzima, na wanaitengeneza njia ya baiskeli bila kulipwa. Kwa kuwa mwaka huu darasa hilo litakwenda kushika reki pamoja nao, nimeona niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, ili asiende mtu akidhani tunakwenda kukatakata tu.

Njia ninayoizungumzia inaitwa L.B. Houston. Ipo mpakani mwa Irving na Dallas, kando ya Elm Fork, ule mkono wa mto Trinity unaopita mashariki mwa mji wetu. Jina lake halihusiani na jiji la Houston: L.B. Houston alikuwa mkurugenzi wa bustani za jiji la Dallas. Wazazi mlioishi hapa siku nyingi mnalikumbuka eneo hilo kwa ajili ya uwanja wa Texas Stadium, uliobomolewa tarehe 11 Aprili 2010. Njia haiko mbali na pale uliposimama. Msiichanganye na Campion Trail, ile ya saruji ya jiji la Irving, ambako tunatembea na vigari vya watoto wachanga. Hii ni ya udongo mtupu, nyembamba, inapinda baina ya miti, na baiskeli zake ni zile za matairi mapana yenye meno. Watu wanaziita baiskeli za milimani ingawa bondeni mle mlima hakuna hata wa dawa.

Inatunzwa na DORBA, chama cha waendesha baiskeli wa porini wa Dallas, kilichoanza mwaka 1988. Chama hicho kinatunza njia nyingi katika ukanda huu wote wa Dallas na Fort Worth, na kila njia ina msimamizi wake, naye pia anajitolea. Kwetu jambo hili si geni. Wapare na Wachaga wanaliita msaragambo, Waganda wanaliita bulungi bwansi, wenzetu kutoka Kongo wanalijua kama salongo, na Rwanda wana umuganda Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Mtu anatoka na jembe lake, njia ya kijiji inapitika. Tofauti ni kwamba hapa hakuna balozi wa nyumba kumi wa kukugongea mlango. Usipokwenda hakuna anayekuuliza, na ndiyo maana wanaokwenda ni wachache.

Udongo tunaoujua

Kukata miti ndiko kunakoonekana na ndiko watoto wanakokupenda. Lakini kinachoiua njia hii ni maji, pamoja na matairi yanayopita juu ya maji hayo. Ili kulielewa hilo lazima tuanze na udongo.

Wazazi mliokulia Nairobi upande wa Embakasi na Athi River, au mliosoma Shinyanga, mnaujua udongo mweusi, ule wa pamba. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Masika unashika kiatu hadi unatembea na kilo mbili kila mguu. Basi udongo wa ukanda huu wa Dallas ni ndugu yake. Wataalamu wanauweka katika kundi moja na ule wa kwetu, kundi linaloitwa vetisoli. Mmoja wa kundi hilo, uitwao Houston Black, ndio unaotajwa kuwa udongo wa jimbo la Texas. Ndiyo, watoto, jimbo letu lina udongo wake, kama lilivyo na mti wake rasmi, mpekani. Udongo huohuo ndio unaopasua kuta za nyumba zetu na kutufanya tumwagilie msingi wa nyumba maji mwezi wa nane kana kwamba ni mchicha.

Chembe zake ni ndogo mno. Zikipata maji huvimba, zikikauka husinyaa. Mchanga unayapitisha maji yashuke chini, huu unayashika. Kwa hiyo njia ya North Shore kule ziwa Grapevine, yenye mchanga na mawe, hupitika mapema baada ya mvua, wakati L.B. Houston iliyoko bondeni inabaki matope kwa siku kadhaa. Mto ukifurika, subira inakuwa ndefu zaidi.

Wakati wa baridi mambo huwa mabaya kuliko wakati wa joto, kwa sababu mbili. Kwanza jua liko chini na siku ni fupi, kwa hiyo maji hayafukuki haraka. Pili, na hii wengi hawaifikirii, miti imelala. Mti wenye majani hunyonya maji ardhini kutwa nzima na kuyatoa hewani kupitia majani yake. Mti uliopukutisha majani haunyonyi kitu cha kutajika. Mvua ambayo mwezi wa saba ingekauka kwa siku moja au mbili, mwezi wa kwanza inaweza kukaa wiki.

Sasa apite mtu mmoja na baiskeli juu ya udongo huo mbichi. Tairi linaacha mfereji. Mvua ijayo inaufuata mfereji huo na kuuchimba zaidi. Halafu jua linatoka, mfereji unakauka na kuwa mgumu kama tofali, na unakaa hivyo hadi mwezi wa tatu, watoto wanapotoa baiskeli zao gereji. Tairi la mbele likiingia mle halitoki, usukani unagoma, mtoto anakwenda chini. Mara nyingi kinachovunjika ni mfupa wa karibu na kifundo cha mkono, kwa sababu binadamu akianguka hujikinga kwa kiganja. Nimesaidia kufunga mikono ya namna hiyo mingi kazini. Wapita njia watano baada ya mvua wanaweza kuharibu kazi ya watu ishirini ya Jumamosi nzima, wala hawajui kama wameharibu.

Kuna hatari nyingine ya majira haya inayodanganya hata watu wazima. Usiku baridi ikishuka chini ya nyuzi 32 za Fahrenheit, yaani sifuri ya Selsiasi, maji yaliyomo kwenye udongo wa juu huganda na kuuinua udongo kwa visindano vyembamba vya barafu. Ukikanyaga alfajiri unasikia ardhi ngumu, inalia kwacha kwacha chini ya kiatu, unasema leo pamekauka. Kufika saa nne au saa tano asubuhi visindano vimeyeyuka, na kilichokuwa saruji kimekuwa uji. Aliyeingia na baiskeli alfajiri anatoka mchana kwenye matope.

Kipimo chetu ni rahisi na mtoto wa miaka saba anakiweza. Chukua udongo kidogo wa njiani, usugue baina ya viganja kama unayetengeneza kamba. Ukitoka uzi mrefu unaoshikamana, rudini nyumbani. Ukimung'unyuka, tuendelee. Hata kabla ya hapo, DORBA hutangaza kwenye tovuti yao kama kila njia imefunguliwa au imefungwa. Imefungwa maana yake imefungwa, hata kama tumeendesha gari dakika arobaini na watoto wanalia kwenye kiti cha nyuma.

Kukagua

Kukagua huja kabla ya kusafisha, na hufanywa na watu wawili au zaidi, polepole. Mimi napendelea kwa miguu. Mwenye baiskeli anatazama mbele ya tairi lake tu, naye mkaguzi anatakiwa kutazama juu kwanza.

Juu ndiko kwenye kifo. Samahani kwa neno hilo, lakini sitalilainisha. Texas haina theluji nyingi, ina mvua ya barafu, na mvua ya barafu ni mbaya kwa miti kuliko theluji. Maji hunyesha yakiwa maji, yakigusa tawi lenye baridi yanaganda palepale, yanazidi kujipaka safu juu ya safu. Barafu inaweza kuongeza uzito wa tawi hadi mara 30. Waliokuwepo Desemba 2013 wanakumbuka jinsi Dallas ilivyofungwa na barafu tarehe 5 na 6. Februari 2021 baridi ilishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri za Fahrenheit hapa kwenye uwanja wa ndege wa DFW, na wengi wetu tulilala na makoti bila umeme. Mwisho wa Januari 2023 barafu ikaja tena. Kila mara, baada ya barafu kuyeyuka, matawi yaliyovunjika hayaanguki yote. Mengine yananasa kwenye matawi ya chini na kuning'inia, miezi hata mwaka, yakingoja upepo. Tawi lenye unene wa paja likitoka urefu wa ghorofa mbili, kofia ya baiskeli haitoshi.

Kwa hiyo unaposimama chini ya mti tazama: kuna tawi lililolala juu ya mengine? Kuna gome lililochubuka na mti mweupe unaonekana? Kuna mti mzima ulioegemea mwenzake? Hapo hatukai, hatupigi picha chini yake, hatuutikisi. Tunarudi nyuma, tunafunga utepe wa rangi kali mbali kidogo pande zote mbili, na tunamwachia msimamizi. Msumeno wa mota ni wa watu waliofunzwa. Hata mzazi aliyepasua mbao Sao Hill miaka kumi atangoja aambiwe.

Kuna jamii moja ya mti ya kuangalia kwa makini zaidi, nayo ni eshi, iliyojaa mabondeni mwa Trinity. Mdudu mdogo wa kijani kutoka Asia ameingia Texas, na funza wake hula chini ya gome hadi mti unakauka. Alithibitishwa katika kaunti ya Tarrant mwaka 2018, na Dallas mwaka 2022. Eshi iliyokufa huwa kama biskuti, inavunjika bila kutoa onyo. Majira ya baridi miti yote iko uchi, ni vigumu kumtofautisha aliyelala na aliyekufa. Tazama gome: likiwa linabanduka na kuacha mabaka meupe, au lina vitundu vyenye umbo la herufi D iliyolazwa, mhesabu huyo ni maiti.

Baada ya juu, tazama usawa wa uso. Mwendesha baiskeli aliyesimama juu ya pedali ni mrefu kuliko anayetembea, kwa hiyo tawi lisilokugusa wewe linaweza kumchoma yeye jicho. Mtu mzima anyooshe mkono juu. Chochote anachokifikia juu ya njia kiondoke. Kwenye kona tazama kama mtu anayekuja upande wa pili anaonekana. Majira haya kila kitu kinaonekana kwa kuwa majani hayapo, lakini kumbuka kichaka kidogo cha Januari ni ukuta mwezi wa tano.

Chini ni majani makavu. Yanapendeza, ila yanaficha mizizi, mashimo na misumari ya miiba. Nguruwe pori nao wako bondeni, usiku mmoja wanafukua njia utadhani imelimwa kwa trekta. Ukikuta udongo umegeuzwa hivyo, andika mahali, endelea. Ukiwakuta wenyewe, wape nafasi waende zao.

Kila tunachokiona tunakipiga picha kwa simu na kuandika mahali. Hilo ndilo litakuwa somo la uandishi la watoto: kila kikundi kitaleta ripoti ya Kiswahili, sentensi zisizopungua kumi, zinazosema nini kimeonekana, wapi, na kifanyweje.

Maji yaende zake

Fundi wa njia hawazi kuyazuia maji. Anawaza kuyavusha. Maji yavuke njia kutoka upande wa juu kwenda upande wa chini kama mtu anayekata barabara, yasigeuke kutembea nayo. Kwa hiyo njia nzuri haiko bapa kama meza. Imelazwa kidogo upande wa chini, kiasi cha asilimia 5. Kwa njia yenye upana wa futi 3 hiyo ni karibu inchi 2 tu, huwezi kuiona kwa jicho lakini maji yanaijua.

Baada ya miezi ya kupitwa, matairi husukuma udongo pembeni na majani yanajazana juu yake. Ukingo wa chini unainuka, unakuwa tuta dogo, na sasa njia ni beseni. Kazi ya baridi ni kulivunja tuta hilo. Unatumia jembe au ile reki nzito yenye meno upande mmoja na bapa ya jembe upande wa pili, unakwangua udongo wa ukingo, unatengeneza mahali pa kutokea penye umbo la nusu mwezi, pana vya kutosha mtu asisikie akipita. Mfereji mwembamba kama wa shamba la mpunga haufai. Unaziba kwa mvua moja, halafu unakunja tairi. Ukimaliza, mwaga maji ya chupa ujionee. Watoto wanapenda sana sehemu hii na ndiyo nitakayowapa wao.

Palipo bapa kabisa, na bondeni pale pako bapa sana, maji hayana pa kwenda. Hapo njia inainuliwa. Udongo unachotwa pembeni, unarundikwa na kushindiliwa kwa miguu, kama matuta ya viazi vitamu ila mapana. Ni kazi nzito na haifanywi udongo ukiwa umelowa chapachapa, wala ukiwa mkavu kama kigae. Unyevu wa unga wa chapati kabla haujaongezwa maji ya mwisho, hapo ndipo.

Je, majani yote yafagiliwe? Watu wanabishana. Kwenye mteremko wa mchanga mimi ningeyaacha, yanaulinda udongo usichukuliwe na mvua. Kwenye udongo wetu huu mweusi bondeni, yafagiliwe, kwa kuwa yanafanya kazi ya blanketi lililolowa na udongo chini yake haukauki. Yarushwe upande wa chini, mbali, siyo kurundikwa pale pale ukingoni ambako tumetoka kufungua njia ya maji.

Na dimbwi likikutwa katikati ya njia, hatulizunguki. Kila anayezunguka anapanua njia kwa hatua moja, mwaka ukiisha palipokuwa na njia ya futi 3 pana uwanja wa mpira wa matope.

Kufyeka si kupogoa

Hapa walimu wenzangu wa sarufi wanivumilie. Kiingereza cha watoto wetu kina neno moja tu, kukata. Kiswahili kina zaidi, na kila moja ni kazi yake. Kufyeka ni kuangusha nyasi na vichaka kwa fyekeo au panga. Kupogoa ni kuondoa matawi ya mti ili mti wenyewe upone na ukue vizuri. Kung'oa ni kutoa na mizizi. Kuzibua ni kufungua palipoziba. Msituni tutafanya yote manne, na mtoto atakayetumia neno lisilo lake atarudia sentensi.

Tawi linapogolewa karibu na shina, pale penye uvimbe kama pete, bila kuuchubua uvimbe wenyewe. Ukiacha kibutu kirefu kitakuwa kigingi cha kuchoma mbavu za mtu. Tawi zito likate kwanza kidogo kutoka chini, ndipo juu, lisije likaanguka na kuchana gome hadi mzizini. Na kuhusu panga: wazazi tunalipenda, tumekua nalo, lakini panga hukata mche kwa mshazari na kuacha mkuki ardhini. Baiskeli ikimwangusha mtu juu ya mkuki huo, sitaki hata kueleza. Miche ya njiani ikatwe kwa mkasi wa matawi sawa na ardhi, au ing'olewe.

Matawi yaliyokatwa yapelekwe mbali, upande uliokatwa ukitazama msituni, yalale chini yaoze. Hayachomwi moto.

Kwa nini haya yote yafanywe baridi na yasingoje hali nzuri ya masika ya huku? Sababu moja ni mialoni. Kuna ugonjwa wa ukungu unaoua mialoni Texas, na mbawakawa wadogo huubeba kutoka mti hadi mti kwa kufuata harufu ya kidonda kipya. Idara ya misitu ya Texas A&M inashauri mialoni isikatwe kuanzia Februari hadi Juni, na kidonda chochote, mwezi wowote, kipakwe rangi mara moja. Kwa hiyo mwaloni ni Januari au ungoje hadi Julai. Sababu nyingine ni ndege. Machi ikifika wengi wanaanza kujenga, na sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inawalinda ndege wa kuhamahama, na viota vyao vyenye mayai. Januari si rahisi tubomoe nyumba ya mtu.

Ndugu zetu wa Houston wana chama chao, GHORBA, na majira yao ya baridi ni ya kuokota walichoangushiwa kiangazi. Kimbunga Beryl cha tarehe 8 Julai 2024 kiliangusha miti mingi, na mtu hapasui magogo kwa furaha kwenye joto la Agosti la Houston.

Maneno ya nesi

Mmea ambao watoto wanauita poizoni aivi haulali wakati wa baridi. Yale majani matatu matatu yameanguka, lakini mtambaa wenyewe umebaki umeng'ang'ania shina la mti, una manyoya manyoya kama kamba ya katani iliyochakaa, na mafuta yake yako palepale. Wengi wetu tunaufananisha na upupu. Sivyo. Upupu unakuwasha papo hapo. Huu unakuacha urudi nyumbani, ule ugali, ulale, kisha baada ya siku moja au mbili ndipo malengelenge yanatoka. Ndugu yake wa kweli ni mkorosho: ni ukoo mmoja, na watu wa Mtwara na Lindi wanajua mafuta ya ganda la korosho mbichi yanavyobabua ngozi. Mwembe nao ni wa ukoo huo. Usiukate mtambaa huo, na kamwe usichomwe, moshi wake huingia mapafuni. Ukiugusa, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja, pamoja na glavu, kamba za viatu na mpini wa jembe. Nguo zifuliwe peke yake.

Nyoka wamejificha chini ya magogo na kwenye mashimo, lakini hapa Januari huwa ina siku yenye nyuzi 70 katikati ya wiki ya baridi, nao hutoka kuota jua. Usipenyeze mkono mahali usipopaona. Gogo ligeuzwe kwa mpini mrefu, ukilivuta kuelekea kwako ili likukinge. Mtu akiumwa, piga 911, mkalishe atulie, vua pete na saa kabla hajavimba. Hakuna kufunga kamba, hakuna kuchanja wembe, hakuna kunyonya. Na lile jiwe jeusi la nyoka ambalo baadhi yenu mmekuja nalo kutoka nyumbani, mimi naliheshimu kama kumbukumbu ya babu, ila likae kabatini. Halitoi sumu, na dakika unazopoteza nalo ndizo alizohitaji mgonjwa.

Mwiba uliotoka ardhini unaweza kuleta pepopunda. Chanjo ni kila baada ya miaka 10. Kidonda kikiwa kirefu na kichafu, na imepita miaka 5, nenda ukaongezewe. Angalieni kadi zenu.

Kuhusu mavazi, nguo za pamba zikilowa jasho zinapoza mwili. Vaeni tabaka mbili tatu, la ndani lisiwe la pamba, na soksi za akiba ziwe kwenye begi. Mtu anaweza kupoozwa na baridi hata nyuzi 45 kama amelowa na kuna upepo, na mtoto hupoa upesi kuliko mtu mzima. Mtoto akitetemeka, mpeni kitu cha moto na mwongezeeni nguo. Akianza kuongea kama mlevi, au akashindwa kufunga kifungo chake mwenyewe, kazi imeisha kwake: gari, nguo kavu, na 911 asiporudi haraka katika hali yake.

Tutakwenda Jumamosi ya tatu ya Januari, saa tatu asubuhi, chini ya uongozi wa msimamizi wa njia na tukiwa tumeandikishwa kwake. Watoto chini ya miaka 10 waje na mzazi. Leteni glavu ngumu, miwani ya kukinga macho, chupa ya maji, na chai ya tangawizi kwa aliye na chupa ya kutunzia joto. Mapanga yabaki nyumbani. Ijumaa jioni saa kumi na mbili nitawatumia ujumbe. Kama imenyesha katikati ya wiki, tutakutana darasani kama kawaida, na Jumamosi inayofuata tutaupima udongo tena.

Mwalimu wenu wa darasa la wakubwa